Megawati na Dizeli

Redio ya Auleria ni ya betri, ndiyo maana habari ile ilitufikia kwenye kijiwe chake cha kahawa hapa Kihanga: nchi sasa inazalisha umeme mwingi kuliko inaoutumia. Ng'ambo ya barabara, mashine ya kusaga ya Nolasco ilikuwa kimya tangu asubuhi. Umeme ulikuwa umekatika.

Nolasco tunamwita Megawati. Nguzo zilipofika kijijini aliuza injini yake ya dizeli, akafunga mota, akatutangazia kwamba moshi ni mambo ya kizamani. Sasa redio ikampa kiburi upya. Akasema mabwawa yamejaa, mpaka mitambo mingine inazimwa kwa kukosa watumiaji.

"Basi wakuletee kidogo kabla haujachacha," alisema Cassian, akipuliza kahawa yake.

Cassian ndiye Dizeli, mwenye mashine ya pili. Alidai fedha zote zilimezwa na mabwawa, nyaya za huku zikabaki zilezile, mgomba mmoja ukiziegemea wilaya nzima inalala gizani. Megawati akajibu kwamba hakuna serikali inayojenga vyote kwa mkupuo. Umeme uwepo kwanza, nyaya zitafuata. Dizeli akauliza zitafuata kwa miguu au kwa bodaboda. Auleria, akichochea kuni, alilalamika kwamba anahimizwa ahamie kwenye gesi wakati mtungi ukiisha hajui pa kuujaza. Hakuna aliyemsikiliza.

Mara akaingia Joanitha, jirani yetu, akatuamkia wote shikamoo. Wageni wa ubatizo wa mwanawe walikuwa njiani, na mahindi yake yalilala kwa Megawati bila kusagwa. Alisema kwa upole kwamba anayahamishia kwa Dizeli. Megawati akainamisha kichwa. Hilo lilimuuma kuliko utani wote.

Tukamgeukia Dizeli, tukingoja ainuke kwa mbwembwe. Akabaki ameketi. Akakohoa, kisha akaeleza kwa sauti ya chini kwamba tangu ruzuku iondolewe mafuta hayashikiki, na siku hiyo hata ya kununua kwa bei hiyo hayakuwepo. Bodaboda aliyemtuma kuyatafuta kule Murongo, mpakani, alikuwa hajarudi.

Joanitha akawatazama wote wawili.

"Kwa hiyo kaka Nolasco ana umeme redioni, na kaka Cassian ana mafuta Murongo."

Akaenda kuchukua mahindi yake, akajitwisha, akapita tena mbele yetu.

"Wageni watakula ndizi," alisema. "Zenyewe hazisagwi."