Mawaridi Yaliyokataa Kunyauka

Shangazi mpendwa,

Nakuandikia ingawa kati yetu kuna ukuta mmoja tu, kwa sababu nikikueleza kwa mdomo unacheka, nami nikichekwa nasahau hoja zangu.

Unakumbuka kwamba fundi cherehani wa pale kona aliponiletea mawaridi na kuniomba nikubali kuolewa naye, nilimwambia kwa utulivu kuwa nitamjibu siku yatakaponyauka. Niliona ni muda wa kutosha kufikiri, na si mrefu wa kumtesa mtu. Nilisahau kwamba humu ndani tunaishi na mtu aliyepanga maua hotelini hadi akastaafu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila asubuhi unakata ncha za mashina mshazari, unaosha chombo, unabadilisha maji, unatia sukari na matone ya siki. Mimi nikipata homa naambiwa nikalale.

2. Kwa kuwa matunda mabivu huyazeesha maua, ndizi zote umezihamishia kwenye rafu yangu ya vitabu. Sasa nikifungua kamusi nasikia njaa.

3. Usiku mawaridi yanalala ndani ya friji, na maziwa yanalala nje. Baba alipowasha feni ulimpigia kelele, "Kaka, zima hiyo! Unataka kuniulia wagonjwa?" Akazima. Akakaa anajipepea kwa gazeti katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

4. Hili ndilo linaloniumiza. Kila jioni fundi anasimama dirishani, futi yake ya kupimia shingoni, anauliza, "Shangazi, wagonjwa wanaendeleaje?" Nawe unamjibu, "Wanakunywa vizuri, baba." Mnacheka. Mimi ninayesubiriwa, hakuna anayeniuliza hali. Juzi alishona suruali yenye mguu mmoja mrefu, na mtaa mzima unasema sababu ni mimi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mawaridi haya yaachwe yafe kifo cha kawaida. Ikishindikana, basi fundi ayaoe yenyewe. Hayabishani, hayasomi huku taa inawaka usiku kucha, na wewe tayari unayatunza kama bibi harusi.

Msalimie Baba hapo anapojipepea. Wasalimie majirani wanaochungulia, na maziwa pia, kama yangalipo.

Ni mimi, binti wa kaka yako, kwa upendo na kwa uchungu.

Tanbihi: Hayo niliyaandika jana. Leo ulipokwenda sokoni, waridi moja limeinamisha kichwa. Sijui nilitokaje, nilijikuta pale kona nimevaa viatu visivyofanana, namwambia fundi ndiyo, tena mbele ya wateja. Nimemwambia yote bado yako hai, nimejibu kabla ya siku yake, kwa hiari yangu. Anakuja jioni kuhakikisha. Feni ya Baba nimeizima mimi mwenyewe. Shangazi, ukisoma hii usivue hata mtandio: siki ni matone mangapi?