Waranti ya Mama Tecla

Zacheus Mbuthia alikuwa amekuja Boito kuuza dawa ya minyoo isiyo na dawa ndani. Lakini kwenye kituo cha kununulia majani chai, wakulima wakingoja lori la kiwanda, alisikia jambo tamu zaidi. Mama Tecla Chepchirchir alikuwa akimweleza karani Aron kwamba ng'ombe wake, akiwemo mtamba mwenye mimba, walikula mahindi ya jirani, na jirani ameapa kwenda kortini.

Mbuthia alizunguka nyuma ya choo akiwa mchuuzi, akarudi na tai shingoni na karatasi yenye muhuri mkononi. Mihuri alikuwa nayo minne, kwa vile mtu hajui leo atahitajika awe nani.

"Mama, natoka kortini. Hii ni waranti yako. Ukikataa kushikwa, hiyo ni kesi ya pili juu ya ya kwanza. Ukitoroka, dhamana usahau."

"Woi!"

"Lakini tunaweza kusaidiana. Nipe yule mtamba wako mwenye mimba, karatasi ipotee."

Hapo watu wengi hulia, kisha hufungua zizi. Mama Tecla alikaza kitambaa chake kichwani.

"Bwana afisa, Jumapili ni meza ya Bwana. Siwezi kupokea nikiwa nimeficha kesi. Nishike."

"Nikushike?"

"Si umesema nisikatae? Twende."

Na Boito mtu haachwi aende polisi peke yake. Wanawake kumi na mmoja waliacha majani yao wakafuata. Aron alimfunika Mbuthia kwa mwavuli, maana mvua ilikuwa imeanza na si heshima serikali ilowe. Mbuthia akapata simu ya dharura, wakasimama, wakamngoja. Akataka kwenda msalani; wakamngoja mlangoni, wakiimba.

Kituoni, Koplo Janefer aliisoma karatasi, akaigeuza, akaisoma tena.

"Kitambulisho chako, bwana wa korti."

Alipiga simu korti ya Sotik, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mbuthia, waranti iko kweli. Ni yako. Miaka miwili hujafika kortini, kesi ya kuuza vumbi la mbao kama chakula cha ng'ombe."

Mbuthia akatoka kwa dirisha. Mtu wa chai hukimbia kwa kufuata mistari. Mbuthia, mtoto wa maduka, alikata shamba katikati. Hatua ya nne michai ikamshika kiunoni, akasimama pale kama aliyepandwa. Koplo na wale wanawake walipomng'oa, alianza kurusha mateke.

Jumatatu hakimu alifungua faili la zamani. Mlalamishi, Gichana, alikuwa ameiondoa kesi zamani. Mshtakiwa angefika siku moja tu, angeonywa na kwenda zake.

"Kwa hivyo niko huru, mheshimiwa?"

"Kwa kesi hiyo, ndiyo. Sasa kuna ya kujifanya afisa, na ya kumpinga na kumpiga koplo. Na dhamana hupati. Wewe hukimbia."

Alikaa rumande mwezi mzima. Siku ya kesi kusikizwa, shahidi wa kwanza alikuwa Mama Tecla, Biblia mkononi. Mbuthia alimtazama kwa macho ya ndama.

"Mama, si ulipokuja kuniona rumande ulisema unaniombea?"

"Kila asubuhi, kijana yangu. Lakini hapa nimeapa." Akamgeukia hakimu. "Alimpiga afande mateke mawili. La tatu lilimkosa." Akafikiri kidogo, asije akamnyima mtu haki yake. "Lakini ndilo lilikuwa kubwa."