Wakurugenzi Kumi na Mmoja wa Depo ya Saruji

Jumatatu, 3 Machi
Miaka sita nahesabu mifuko ya saruji hapa Zone Industrielle, mtaa wa viwanda. Inatosha! Leo patron Twahiru, bosi wa depo, ametangaza: atakayeandika barua nzuri ya Kiingereza kwa mteja wa Kampala kufikia Alhamisi atapewa meza ya ofisini, ile ya karibu na feni. Mpinzani ni mmoja tu, Khadidja wa mapokezi. Alisoma Uganda na hachoki kutukumbusha. Jioni nikakimbilia mtaa wa Kamenge kwa mwalimu Maxime. Akanifundisha kwamba cheo kikifuata jina hukaa kati ya koma mbili: "Mr Twahiru, our director, greets you." Wengi husahau ile ya nyuma, anasema. Na cheo kikitolewa, sentensi haidhuriki. Rahisi mno!

Jumanne, 4 Machi
Adélaïde, mpishi wetu, aliuliza naandika nini. Nikamtania kwamba naweza kumtia kati ya koma awe mkurugenzi wa chakula. Papo hapo nikaongezewa ndagala, dagaa wa ziwani, juu ya maharagwe! Libère, mlinzi wa geti, akawa mkurugenzi wa usalama. Ameniazima baiskeli yake. Kufikia saa kumi nina wakurugenzi kumi na mmoja mbali na patron, kila mmoja na koma zake mbili. Maskini Khadidja! Barua yake ina mkurugenzi mmoja.

Jumatano, 5 Machi
Wananichosha. Sasa wanataka kuona kashe, muhuri wa kampuni. Libère amekaza: "Karatasi bila kashe? Mi naifungia karanga." Khadidja alipokwenda kunywa chai, nikanyemelea droo yake, nikagonga kashe. Tatizo: barua imezidi ukurasa kwa mstari mmoja. Nikamkumbuka Maxime, nikatoa cheo cha patron. Yeye si anajulikana? Nikaipiga picha, nikaituma Kampala. Kwa nini nisubiri kuamuliwa?

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Mteja ameona kashe, ameamini yote. Anataka mkataba usainiwe na wakurugenzi wote kumi na mmoja. Tena anauliza huyu Twahiru asiye na cheo ni dereva au vipi. Patron akaniita. Nikiwa bado natafuta uongo, wakurugenzi wangu wenyewe wakajipanga mlangoni, mashati yamepigwa pasi, Adélaïde mbele na kalamu yake. Getini hakuna mtu, malori matatu yanapiga honi. Patron akasema polepole: "Sylvère, we ni nani hapa?" Niliona aibu. Nilitaka kulia, kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Meza amepewa Khadidja. Mimi nimerudi kwenye mifuko, vumbi mpaka kooni, na Adélaïde amenipakulia maharagwe ya kuhesabika. Siku nzima nimejiuliza nilikosea wapi. Nimepata! Wakurugenzi huitwa kusaini. Ningewafanya makamu wakurugenzi! Makamu nani anamwita? Jumatatu kuna barua ya kwenda Nairobi. Nimeshamdokeza Libère. Baiskeli ninayo hadi Jumapili.