Saa ya Baba Mkwe

Alhamisi, 23 Oktoba

Saa ya ukutani imekwama tena. Ni ile inayojirekebisha yenyewe kwa mawimbi ya redio yanayorushwa kutoka kusini, karibu na Frankfurt. Haihitaji mkono wa mtu. Leo imeonyesha saa sita asubuhi, mchana na jioni.

Baba mkwe, mzee Eilert, analala sebuleni tangu moyo wake udhoofike, na kutwa macho yake yako kwenye saa hiyo. Alifanya kazi ya reli. Mtu wa dakika.

Jumapili anakuja Hajo, kaka wa mke wangu Wiebke. Anataka mzee apelekwe nyumba ya wazee. Amemwambia Wiebke kwenye simu kwamba mtu aliyeshindwa kutunza saa hawezi kutunza mgonjwa. Wiebke alilia, maana baba yake anataka kufia nyumbani. Nikamwambia mke wangu aniachie mimi. Hakujibu. Nimehesabu hiyo kuwa ndiyo.

Ijumaa, 24 Oktoba

Jirani yetu Bi Tjaden kaleta mayai na ushauri. Niweke betri mpya, niiegemeze saa dirishani upande wa kusini, mbali na televisheni, kisha niiache usiku kucha bila kuigusa. Nikamshukuru kwa ubaridi. Mfuga kuku anifundishe mimi mambo ya mawimbi!

Betri nimeitoa kwenye rimoti ya televisheni. Saa nimeiweka dirishani. Nyuma kuna kitufe: ukikibonyeza, mishale inakimbia mpaka saa sita, inasimama kusubiri mawimbi. Inasubiri mno. Nikabonyeza tena, kuitia moyo. Na tena. Baadaye nikasoma kwamba kila ukibonyeza, kazi inaanza upya.

Mzee alikuwa akinitazama kutoka kitandani. "Focko," akasema, "iache ipumue."

Mambo ya kisasa hayaelewi, mzee wa watu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Bado saa sita. Lakini nimepata wazo!

Nimekwenda mjini Leer, nikanunua saa rahisi ya kawaida, nikang'oa mtambo wake na kuuingiza ndani ya saa ya mzee. Sura ile ile, roho nyingine. Nikaitegesha kwa kengele za kanisa. Inatembea.

Nimemwambia Wiebke nimeyanasa mawimbi. Akanikumbatia. Mara ya mwisho ilikuwa kabla ya kiangazi. Sikuona sababu ya kumharibia furaha.

Mzee ameitazama mpaka usingizi ukamchukua. Alikuwa akitabasamu.

Jumapili, 26 Oktoba

Wiebke alikuwa zamuni kwenye duka la mikate. Hajo alisema atafika saa tisa, na Hajo hachelewi. Nikamvisha mzee shati jeupe, nikamkalisha kwenye kiti. Alitaka mwanawe amkute ameketi.

Saa tisa ikafika. Hajo hayupo. Simu yangu ilisema ni saa nane. Nikaona simu imeharibika, kwa sababu saa ya ukutani niliitegesha mwenyewe. Nikafurahi. Hatimaye bwana mkubwa kachelewa! Nikaanza kupanga maneno ya kumpokelea.

Mzee alikuwa anatetemeka kwa uchovu. Nikamsihi arudi kitandani, akakataa.

"Hajo hachelewi," alisema. "Kuna jambo limempata."

Chai ilishapoa, nikaenda jikoni kuchemsha nyingine. Nikasikia kishindo. Alikuwa ameinuka kutazama barabarani. Nyonga imevunjika.

Hajo aliingia saa tisa kamili. Saa tisa ya kweli. Akamtazama baba yake sakafuni, akatazama ukutani, akatazama saa yake ya mkononi. Usiku wa kuamkia leo nchi nzima imerudisha saa nyuma kwa saa moja, kama kila mwaka, kwa ajili ya majira ya baridi. Ile ya mawimbi ingejirudisha yenyewe.

Hakunifokea. Heri angenifokea. Aliuliza tu, "Focko, umemfanya nini baba?"

Nikamjibu kwamba si mimi, ni serikali.

Jumatano, 12 Novemba

Mzee katoka hospitali, yuko nyumba ya wazee. Hatatembea tena, na nyumbani harudi. Wiebke sasa analala sebuleni, kwenye kitanda cha baba yake. Tunazungumza habari za mkate na takataka tu.

Nimekwenda kumwona mzee. Amebaki mifupa. Hajo alikuwa amekaa kando yake, aliponiona akatoka nje. Kitanda cha pale kinapandishwa kwa umeme, na mota yake inakoroma. Nikamwuliza muuguzi. Akasema ndivyo kilivyo, kinafanya kazi vizuri.

Ndivyo kilivyo! Watu wa leo hawajali kitu.

Nikainama kuchungulia chini ya godoro. Mzee akanishika mkono. Nguvu hana, lakini alinishika.

"Focko," alinong'ona, "usiguse kitu. Nakuomba, mwanangu."

Maskini, hata katika hali ile anaona haya kunisumbua. Kesho wauguzi wakienda kula, nakifungua.