Sahani ya Jirani

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Nimekasirika tangu sala ya asubuhi. Gombera, padri wetu mkuu wa shule, ametangaza kwamba Kombe la Udugu litatolewa Jumapili, Siku ya Somo wetu, mtakatifu msimamizi wa shule, kwa bweni linaloonyesha umoja na kuheshimu mapokeo. Akamtazama Bwana Pasi. Mimi hakunitupia hata jicho!

Bwana Pasi ni mwalimu wa kemia, mlezi wa Bweni la Juu. Wavulana walimpa jina hilo kwa sababu shati lake halijui mkunjo. Kombe analichukua kila mwaka. Mimi nafundisha jiografia na kulea Bweni la Chini. Sisi kila mwaka tunachukua mafua.

Na Jumapili mama anakuja. Hukaa mstari wa mbele, na kombe likitolewa huniuliza kwa sauti inayofika altareni: hao wanaopigiwa makofi ndio wako? Kila mwaka nasema hapana, mama. Mwaka jana aliuliza kama kweli nafundisha hapa au nasambaza chaki. Mwaka huu sisemi hapana. Liwalo na liwe!

Jumanne, tarehe 5 Mei

Balaa bwaloni, tena zamu yangu. Wavulana wangu wawili waligombania sahani yenye mnofu. Meza nzima ikaingilia. Sahani zikawa zinaruka mkono hadi mkono. Mara Gombera mlangoni! Na nyuma yake, nani kama si Pasi, meno nje.

Gombera akauliza ni vurugu gani hizi. Sijui maneno yalitoka wapi. Nikasema si vurugu, Padri, ni mapokeo. Nikasema mapadri waanzilishi waliwafundisha Bweni la Chini kwamba kila mtu ajipakulie, kisha sahani ampe jirani wa kulia, ili ajue kumpakulia mwenzake kama anavyojipakulia mwenyewe. Nikasema jina lake Sahani ya Jirani. Nikasema yalisahaulika, mimi ndiye ninayeyafufua.

Macho ya Gombera yakalowa. Meno ya Pasi yakarudi ndani. Leo nimekula nikashiba.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Gombera ameamuru shule nzima ifuate. Hata meza ya walimu! Na mimi nakaa kulia kwa nani? Kwa Pasi.

Nilipakua kistaarabu, sahani yangu ikaenda kwa mwalimu wa dini, akaifuta mpaka ikang'aa. Pasi alijipakulia wali wa kijiko kimoja na mfupa. Mfupa mtupu! Akaniletea kwa mikono miwili, akasema yeye amefunga, na hajui kumpakulia ndugu zaidi ya anavyojipakulia. Gombera akamsifu kwa kujinyima. Aliyejinyima ni nani hapo, kama si tumbo langu?

Wavulana wangu ni aibu tupu. Kila mmoja anampakulia mwenzake maharage ya kuhesabika, kisha baada ya sala wote wanakimbilia sufuria. Bweni la Juu wanajaziana sahani na kuitana ndugu. Wanafiki wakubwa!

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Leo nilikuwa na mpango. Niliwahi bwaloni, nikahamia kushoto kwa Pasi ili sahani yangu imfikie yeye. Nikaijaza wali, chini yake nikazika pilipili za kutosha ukoo mzima.

Gombera akaja amechelewa. Akavuta kiti, akakaa katikati yetu.

Alikula yote. Alisema mapokeo hayaachwi nusu. Machozi ya leo hayakuwa ya kuguswa moyo.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Pasi ni nyoka. Chai ya walimu haijapoa, akauliza kwa sauti ya asali kama Padri Babu, wa mwisho katika wale waanzilishi, hayupo hai pale nyumba ya mapadri. Kwa nini asitusimulie chanzo cha Sahani ya Jirani Jumapili kanisani? Gombera akapiga makofi.

Padri Babu ana miaka zaidi ya tisini. Nilimwendea mbio na biskuti. Nikamwelekeza sikioni kwa kelele: sahani, jirani wa kulia, Bweni la Chini. Akauliza kama mimi ndiye fundi bomba. Nikarudia. Bweni la Chini! La Chini! Akamaliza biskuti zote, akaniambia nisiwe na wasiwasi, ameshika.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Sijawahi kuwa na hasira hivi maishani.

Padri Babu alisimama akishikiliwa. Alisema anakumbuka kama jana. Aliwaona kwa macho yake wale wavulana wa kwanza wakipeana sahani. Kanisa zima likalia. Kisha akasema, jambo hili zuri lilianzia Bweni la Juu.

La Juu! Muongo! Padri mzima, mbele ya altare, mchana kweupe! Na siwezi kumshtaki popote, maana wataniuliza nimejuaje. Nimejua kwa sababu uongo huo niliutunga mimi! Wameniibia uongo wangu!

Pasi akaitwa, akapokea kombe. Makofi. Mama akanigeukia, akauliza kwa sauti ileile, hao wanaopigiwa makofi ndio wako?

Nikasema ndiyo, mama.

Akapiga vigelegele, akainuka, akaenda moja kwa moja hadi kwa Pasi na kumshukuru kwa kumshikia mwanawe kombe. Nilifumba macho. Nilipofumbua, Pasi alikuwa amempa mama kombe alibebe. Mama alilikumbatia akilia. Sijawahi kumchukia Pasi kama dakika ile.

Jumatatu, tarehe 11 Mei

Mama amerudi nyumbani. Ameahidi mwakani kuja na shangazi zangu wote kuniona nikilichukua tena.

Sikupoteza muda. Nimemfuata Gombera ofisini, nikamwambia nimekumbuka kitu: mapadri waanzilishi walitaka mlezi mwenye kombe ajishushe kwa kuosha masufuria ya jikoni, mwaka mzima. Macho yakamlowa palepale. Akamwita Pasi. Nikasubiri kwa raha zangu.

Pasi akasema kwa upole kwamba yeye hastahili heshima hiyo. Kanisa zima lilimsikia mwalimu wa jiografia akimwambia mama yake mzazi kwamba kombe ni la kwake, na mwana hamdanganyi mamaye kanisani. Gombera akanipa mkono, akanipongeza.

Naanza kesho. Mpishi anasema sufuria la maharage lazima uingie ndani ndipo ulisugue. Sijali. Huko ndani kuna utulivu wa kufikiri, na tayari nimeanza kukumbuka mapokeo mengine, ya zamani sana, yanayowahusu walimu wa kemia.