Kilo Mia za Kwenda Ukweni

Jumatatu, 9 Juni 2025

Themanini imepanda. Themanini na tano imegoma. Tangu mwezi wa pili ni hivyo hivyo: naongeza vikopo viwili vidogo, nainama, nashika chuma, navuta, na chuma kinalala pale pale kana kwamba kimeota mizizi. Leo nimevuta mpaka nikaona nyota mchana. Aliyeshtuka ni kuku peke yake.

Idi nimekula peke yangu. Wali bila chumvi. Mke wangu Shufaa yuko kwa baba yake Nyakakika pamoja na binti yetu Ikram, na mimi niko hapa Mabira na bomba la maji lenye makopo ya rangi yaliyojaa saruji huku na huku. Saruji hiyo ilikuwa ya sakafu ya jiko. Ikram alikuwa akitolewa funza vidoleni kila jioni, Shufaa akataka sakafu, nikanunua saruji, nikaimimina kwenye makopo. Aliporudi kutoka shambani ilikuwa imeshaanza kukauka. Majirani walisikia yaliyofuata. Niliapa mbele yao kwamba nitainua kilo mia, na siku hiyo ndipo nitakapomfuata mke wangu huko alikokwenda, aone saruji imefanya kazi gani. Wakati ule mia ilionekana karibu.

Jumanne, 10 Juni

Simu inasema mwili ukizoea mzigo mmoja unalala. Dawa yake ni kuushtua kwa chakula. Nimeushtua. Nimekwenda kwa Rwegoshora mwenye ng'ombe, nikanywa maziwa mabichi mpaka akaniuliza kama nimemnyang'anya ndama. Juu yake mayai mabichi, sikuyahesabu.

Duka langu sikulifungua. Mchana wote nilikuwa chooni. Jioni hata sabini ilinishinda. Halafu niligundua kwamba choo nacho hakina sakafu ya maana.

Jumatano, 11 Juni

Siku mbaya kuliko jana. Yustus wa bodaboda alileta katoni za sabuni. Chuma kilikuwa kimelala mlangoni na makopo yote, kilo mia kamili, nilipokiacha baada ya kukitukana. Yustus hajafanya mazoezi hata siku moja. Kazi yake ni kupakia magunia ya kahawa. Aliinama, akakinyanyua, akakiegemeza ukutani, huku anatafuna punje za kahawa na kuongea na simu aliyoibana begani. Maongezi hayakukatika. Alipomaliza akaniuliza kama kile ni kitu cha kufungia mbuzi. Nikamwambia ndiyo.

Alikuwa pia na salamu. Jana alipita Nyakakika, akakutana na baba mkwe. Mzee anasema Jumapili asubuhi wazee watakaa. Nije na mtu mzima mmoja, tuseme maneno mawili mazuri, nichukue mke wangu na mtoto. Nisipokuja, Shufaa atakwenda Bukoba kwa shangazi yake, ambaye amemtafutia kazi ya kushona, na huko hataitwa tena.

Nilikaa chini. Nampenda Shufaa. Nyumba hii bila yeye ni ghala tu. Lakini kiapo ni kiapo, na zimebaki siku chache na kilo ishirini.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwomba jirani yangu Mzee Ndyamukama anisindikize ukweni. Amekubali kabla sijamaliza shikamoo. Tayari ameanika koti lake la kanisani. Akaniambia waitu, ndugu yangu, mke hanyanyuliwi kwa bomba, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kumfuata mkewe mama Novatus kwa miguu, kwenye mvua, akapiga magoti matopeni na mambo yakaisha. Nikamuuliza wakati huo alikuwa na kilo ngapi. Akauliza tunaondoka saa ngapi.

Nimejaribu themanini na tano tena baada ya chakula. Haikupanda.

Ijumaa, 13 Juni

Nikiwa msikitini nimepata wazo, Mungu anisamehe. Mtu asipoweza kukipandia chuma, basi chuma kimshukie. Nimechukua tindo na nyundo, nikayachimba makopo yale makubwa ndani mpaka yakawa kama vibuyu. Nikayajaza maganda ya kahawa. Juu nikaziba kwa saruji nyembamba, nikapaka rangi, nikaandika 50 kubwa kila upande.

Kilipanda! Mara saba. Mara ya nne machozi yalinitoka, na sikukumbuka kabisa kuna nini mle ndani.

Jumapili, 15 Juni

Naandika usiku, baada ya kurudi.

Asubuhi Yustus alikuja na pikipiki. Mzee Ndyamukama alikuwa anangoja barabarani na koti na fimbo yake. Hapo ndipo nilipoona tatizo: nyuma pana nafasi yangu na ya kitu kimoja zaidi. Mzee, au chuma. Nilifikiri vizuri. Wazee wako wengi hata Nyakakika, lakini mia yangu ni moja. Nikamwambia Mzee aje na bodaboda nyingine. Siku ya Jumapili bodaboda nyingine haikuwepo, na yeye alijua. Alirudi nyumbani polepole.

Kulifunga bomba kukatuchukua nusu ya asubuhi, maana lilitoka nje pande zote mbili. Njia nzima tulikwenda mwendo wa kinyonga. Kwenye mteremko, ncha ikanasa kwenye mgomba wa watu, tukaanguka. Pikipiki na chuma vikamlalia Yustus mguuni, injini ya moto, naye anamwita mama yake kwa Kinyambo. Sikuwaza kitu. Niliinama, nikashika, nikavuta. Vyote vilipanda pamoja, nikavishikilia mpaka akatambaa na kutoka.

Alipopata pumzi, Yustus akasema pikipiki peke yake inapita kilo mia. Nikamwambia hiyo haihesabiki, haikuandikwa namba. Kopo moja lilikuwa limepasuka na maganda ya kahawa yanamwagika njiani. Aliyatazama, akanitazama mimi. Safari hii hakuuliza habari za mbuzi.

Tumefika alasiri imeshapita. Viti vya wazee vimeshaingizwa ndani. Nilimwamkia baba mkwe, akaitikia, akaniletea maji ya kunawa. Chuma alikiona, hakukiuliza. Alisema Shufaa alikaa mlangoni na begi lake tangu asubuhi. Wazee walipochoka kungoja wakaondoka, na gari la mwisho lilipopita akapanda na mtoto. Aliacha neno moja niambiwe: alikuwa tayari kurudi, hata kama ningekuja mikono mitupu.

Jikoni kwao kuna sakafu ya saruji. Kandambili moja ya Ikram ilikuwa imesahaulika pale. Niliiweka mfukoni, nikarudi nayo.

Jumatatu, 16 Juni

Sikulala vizuri. Tangu asubuhi nimekaa dukani na ile kandambili, nayatafakari maneno ya Shufaa. Mzee Ndyamukama alipita, hakugeuka.

Hatimaye nimeelewa. Mikono mitupu! Mkwe gani anakwenda ukweni mikono mitupu? Hayo ni maneno ya mwanamke aliyesikia kwamba mume wake amekwama kwenye themanini. Kosa langu lilikuwa maganda. Bukoba nitakwenda, lakini safari hii kwa haki, na mia iliyo kamili.

Nimeagiza saruji, mfuko mmoja. Yustus ameuleta jioni, anachechemea. Aliubeba begani mpaka uani, akasimama karibu na mlango wa jiko, uso umemchangamka, akauliza kama auingize humo.

Nikamwambia aushushe pale kwenye makopo.