Sauti Inafika Hadi Juu

Saro Cannavò alimwona mama mmoja akihema langoni mwa ukumbi wa kale wa maigizo wa Taormina, wenye safu za mawe zinazopanda mlimani, akaiona na bangili ya dhahabu mkononi mwake, na papo hapo moyo wake ukajaa upendo kwa wazee.

"Mama, utaingiaje humo bila mwongozo? Utaona mawe tu."

Akafunua kikapu cha simu kuukuu, kila moja na visikilizio vyake. Humo alikuwa amejirekodi mwenyewe akieleza jinsi Wagiriki walivyoujenga ukumbi kwa usiku mmoja, na Warumi walivyowafundisha simba kupiga makofi. Watalii waliupenda sana uongo huo. Mwongozo halali husema kweli, ndiyo maana watu husinzia.

"Bei gani?" akauliza Donna Filomena, mjane kutoka Catania.

"Bure kabisa. Unaacha amana tu. Hata hiyo bangili inatosha."

"Hii kaniachia marehemu mume wangu. Sina kingine chake."

"Basi nitaitunza kama ya mama yangu mzazi."

Ya mama yake mzazi alikwisha kuiuza, lakini hilo hakuulizwa. Mjane akaivua shingo upande, akaingia.

Sasa, pale langoni walizunguka askari wawili wenye mazoea mabaya ya kumpekua Saro. Kwa hiyo kikapu, pamoja na bangili na saa za Wajerumani watatu waliokuwa bado ndani, akamwachia Nunzio, muuza granita, ile barafu tamu ya maji ya matunda. Naye akaingia mikono mitupu, mpole kama anakwenda kuungama.

Huko juu, safu ya mwisho, simu ilikuwa ikimwambia Donna Filomena: "Vua visikilizio, ufumbe macho. Hapa hata mnong'ono wa jukwaani utausikia." Maneno hayo Saro aliyatunga kitandani. Kupanda huko akahakikishe, uvivu haukumruhusu.

Mjane akatii. Na chini, kwenye kivuli cha jukwaa, Saro akampigia simu binamu yake, akinong'ona.

"Turi, mzigo uko kwa Nunzio. Mtume mama mkwe wako, askari hawamjui. Nunzio naye hamjui, kwa hiyo aseme tu katumwa na Saro. Nani, kikongwe? Nimempandisha juu kabisa. Kwa magoti yale, atashuka kesho."

Donna Filomena alisikia kila neno. Lile la kikongwe lilimuuma kuliko wizi wenyewe, akashuka kwa hasira mpaka magoti akayasahau.

Saro alisinzia kidogo kivulini, kisha akatoka. Nunzio alikuwa anaosha glasi.

"Yule mama uliyemtuma keshachukua kikapu. Kala granita mbili na mkate, kasema utalipa wewe."

Saro akalipa kwa furaha. Hajarudisha pochi mfukoni, akatokea mama mwingine, mnene, jasho linamtoka.

"Wewe ndiye Nunzio? Nimetumwa na Saro."

Saro akamtambua: huyu ndiye mama mkwe wa Turi. Wajerumani walikuwa wanatoka langoni, simu mikononi, wakimtafuta kwa macho. Askari nao wakageuka kutazama.

"Ehe, nilisahau," Nunzio akasema, akimpa Saro simu kuukuu. "Yule wa kwanza kakurudishia hii. Kasema hongera, sauti inafika vizuri sana huko juu."